Hedifoni za mashine ya kutafutia metali: sauti ikichelewa, pete huioni

Jumapili moja baada ya Idi, shemeji yangu alipoteza pete yake ya ndoa katika ufuo wa Pirates, Mombasa. Maji yalikuwa yamekupwa, na tulijua hatuna muda mrefu kabla hayajaanza kujaa. Jamaa mmoja akatuazima mashine ya kutafutia metali, ile yenye fimbo na sahani ya duara chini. Kwa kuwa upepo wa kusi ulikuwa unameza sauti, nikaiunganisha na visikizi vyangu vya simu visivyo na waya.

Mashine ikalia. Tukachimba, hamna kitu. Ikalia tena, tukachimba, hamna. Mashimo saba! Mwishowe visikizi vikaisha chaji, nikawa nasikiliza spika ya mashine yenyewe. Alhamdulillahi, pete ikapatikana shibiri moja tu kutoka shimo letu la pili.

Mashine haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la visikizi, na aliyevichagua ni mimi. Naandika haya kwa sababu najua wako vijana wetu wanaotafuta vitu vilivyopotea ufuoni, na wengi hununua hedifoni kama wanavyonunua za kusikilizia muziki.

Sahani ya mashine hupitishwa kushoto na kulia juu ya mchanga. Tuseme inakwenda mita moja kwa sekunde. Bluetooth ya kawaida hupokea sauti, huifunga, huituma, kisha hedifoni huifungua ndipo uisikie. Safari hiyo yaweza kuchukua milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Ni muda mdogo, lakini mkono wako haukusimama. Sahani imeshasogea sentimita 20. Mlio unausikia hapa, kumbe pete iko kule nyuma. Ukirudisha sahani upande wa pili, kosa nalo linahamia upande wa pili, na pete inakuwa kama inayotembea mchangani. Kwenye muziki hakuna neno, maana wimbo ukichelewa hivyo nani atajua?

Kwa hivyo swali la kwanza dukani lisiwe bei wala besi. Uliza: sauti inachelewa kiasi gani?

Majibu ni matatu. La kwanza ni Bluetooth yenye mfumo wa aptX Low Latency. Huu huchelewa kama milisekunde 40, na kwa mwendo ule ule kosa linashuka hadi sentimita 4. Ila lazima mfumo huo uwepo pande zote mbili, kwenye mashine na kwenye hedifoni. Upande mmoja ukiukosa, vifaa vitaungana kama kawaida, utadhani mambo ni sawa, kumbe umerudi kwenye ucheleweshaji wa zamani.

La pili ni mifumo ya watengenezaji wa mashine wenyewe, kama Z-Lynk ya Garrett na Wi-Stream ya Minelab. Watengenezaji wanasema huchelewa milisekunde 17 hivi, chini ya sentimita 2. Tahadhari ni kwamba mifumo hii haisikilizani, kila mmoja na wake. Jua kwanza mashine yako ni ya nani.

La tatu ni waya. Waya hauchelewi, haumalizi chaji, na bei yake ni nafuu. Kama fedha ni kidogo, chukua hedifoni nzuri ya waya kuliko isiyo na waya ya ovyo.

Mwenye mashine isiyo na mfumo wowote ndani anaweza kununua kisambaza sauti kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la hedifoni. Pima tundu kwanza. Mashine nyingi, zikiwemo Garrett za ACE, zina tundu nene la milimita 6.35, wakati pini ya simu ni ya milimita 3.5.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio. Weka sarafu juu ya udongo, si kwenye sakafu ya saruji, kwani nondo zilizomo zitaifanya mashine ipige kelele. Pitisha sahani kwa mwendo wako wa kawaida, kwanza kwa spika, kisha kwa hedifoni. Mlio ukija wakati sahani iko juu ya sarafu, chukua. Ukija sahani ikiwa imeshapita, rudisha.

Kuna mengine ya huku kwetu pwani. Chagua zinazofunika sikio vizuri, maana mchanga wenye maji ya chumvi huifanya mashine igugumie, na mlio mwembamba wa kitu kilicho chini sana hupotea kirahisi kwenye upepo na mawimbi. Ziwe na kitufe chao cha kupunguza sauti, kwa sababu kitu kilicho juu juu hulia kwa nguvu ya kuumiza sikio. Usijifungie mno hadi usisikie pikipiki au mtu anayekuita.

Alama ya IPX4 ina maana hedifoni inastahimili matone, na IPX7 kwamba inaweza kuzama mita moja kwa nusu saa. Lakini vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi, si ya bahari. Ukirudi nyumbani, futa chumvi kwa kitambaa chenye unyevu. Na ukitaka kuzamisha kichwa, rudi kwenye waya usioingia maji, kwa kuwa mawimbi ya Bluetooth hayapenyi maji ya bahari.

Mwisho, ulichokisikia si lazima kiwe chako. Dini yetu inatufunza kuwa kilichookotwa hutangazwa mwaka mzima. Nayo Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inalinda vitu vya kabla ya mwaka 1895, na kuvitafuta bila leseni hairuhusiwi. Karibu na magofu yetu ya kale, mashine ibaki mkobani.

Shemeji alivaa pete yake palepale, ingali na mchanga. Nyuma yetu maji yalikuwa yameshaanza kufukia yale mashimo saba.