Mtenda Aliyefichwa: Nafasi ya Mhusika katika Majaribio ya Ukubalifu ya Programu za Wavuti

1.0 Utangulizi

Kabla ya programu ya kompyuta kukabidhiwa kwa aliyeiagiza, sharti ithibitike kwamba inafanya kazi iliyokusudiwa. Uthibitisho huo hupatikana kwa majaribio ya ukubalifu. Majaribio hayo hutofautiana na yale ya mafundi, ambayo hupima kipande kimoja kimoja cha programu. Jaribio la ukubalifu huuliza swali moja: je, mtu aliyetengenezewa programu ataweza kuitumia kutimiza haja yake? Makala haya yanaeleza namna ya kuandika majaribio hayo kwa kuunganisha dhana mbili, yaani kitu na mhusika. Hoja inayotetewa ni kwamba udhaifu wa majaribio mengi ni wa kisarufi kabla haujawa wa kiufundi: sentensi zake hazina mtenda.

2.0 Dhana ya kitu

Mwanaisimu asikiapo kwamba programu imejengwa kwa vitu, asidhani kuwa panazungumzwa habari za yambwa. Dhana hii ilichimbuka Norway katika miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipobuni lugha ya Simula. Kitu ni kifungu cha programu chenye sifa zake na matendo yake. Kila kitu hutokana na jamii fulani, na jamii hiyo yaweza kulinganishwa na ngeli: kama vile nomino za ngeli moja zinavyoshirikiana upatanisho, ndivyo vitu vya jamii moja vinavyoshirikiana muundo na matendo.

Katika majaribio ya wavuti, ukurasa wenyewe hufanywa kitu. Chombo kama Selenium, kilichoanzishwa na Jason Huggins mwaka 2004, humwezesha mpimaji kuendesha kivinjari kwa maagizo yaliyoandikwa. Endapo kila jaribio litataja mahali kilipo kila kitufe, kuhamishwa kwa kitufe kimoja kutavunja majaribio yote yanayokitumia. Lakini ikiwa ni kitu cha ukurasa pekee kinachojua mahali hapo, sahihisho litafanywa mara moja tu. Faida hiyo ni kubwa; hata hivyo, inamhusu fundi zaidi kuliko mtumiaji.

3.0 Sentensi zisizo na mtenda

Tuchunguze jaribio la kawaida: jina linajazwa, tarehe inachaguliwa, kitufe kinabonyezwa, ujumbe unaonekana. Vitenzi vitatu vya kwanza vimo katika kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa popote. Anayejaza jina ni nani? Anasoma lugha gani? Anatumia simu ndogo au kompyuta ya ofisini? Jaribio halijibu, na pengo hilo hujazwa kimyakimya na fundi mwenyewe, ambaye ndiye mtu asiyefanana kabisa na watumiaji wake.

Alan Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu usanifu wa programu, alilikabili tatizo hilo. Alionya dhidi ya mtumiaji wa kunyumbuka, ambaye leo huvutwa awe bingwa na kesho awe mbumbumbu, kulingana na matakwa ya msanifu. Badala yake alipendekeza mhusika: mtu wa kubuni, mwenye jina, kazi na malengo, lakini aliyechorwa kutokana na uchunguzi wa watumiaji halisi.

4.0 Mhusika kama kitu

Dhana hizo mbili hukutana mhusika naye anapofanywa kitu ndani ya jaribio. Sifa zake ni lugha, chombo anachotumia na uzoefu wake. Matendo yake ni kazi anazotaka kuzitimiza. Sentensi ya jaribio sasa hupata kiima: "Bi. Zuhura anakata tiketi ya boti." Kitufe na ukurasa hubaki chini ya tendo hilo, kwa kuwa ni nyenzo tu.

Mfano wa kubuni utafafanua jambo hili. Tuchukue programu ya kuuza tiketi za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja. Boti huondoka saa moja baada ya mapambazuko ya saa kumi na mbili, na ratiba ya kompyuta imeandika 07:00. Mfasiri wa kurasa ameandika "saa 7:00", bila kutaja sehemu ya siku. Jaribio lisilo na mtenda litafaulu: ujumbe umeonekana, na tarakimu zinalingana na ratiba. Lakini Bi. Zuhura, ambaye sifa yake mojawapo ni kuhesabu saa kwa Kiswahili, ataisoma kuwa saa saba mchana. Atafika bandarini boti ikiwa imeondoka saa sita zilizopita, na nauli yake imepotea. Kitu cha mhusika kikiulizwa wakati wa safari kilivyousoma, jibu litapingana na ratiba na jaribio litaanguka kabla msafiri hajaathirika. Sahihisho ni dogo: "saa 1:00 asubuhi".

5.0 Mipaka ya njia hii

Mhusika si mtu. Akibuniwa mezani bila uchunguzi, atakuwa mhusika bapa anayerudia dhana potofu za mbunifu: mwanakijiji asiyejua chochote, mzee anayeogopa simu. Aidha, kompyuta haichoki wala haifadhaiki. Haiwezi kutambua neno linaloudhi au maelezo yanayochosha. Kwa hiyo majaribio haya hayaondoi haja ya kuwaketisha watumiaji halisi mbele ya programu.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kitu cha ukurasa hulinda jaribio dhidi ya mabadiliko ya umbo, na kitu cha mhusika hulinda maana yake. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, mchango wa wanaisimu katika kompyuta umetazamwa zaidi kama kazi ya istilahi na tafsiri. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Tafsiri ya "saa 7:00" haina kosa la msamiati wala la tahajia. Kosa lake huonekana tu pale anapotajwa atakayeisoma. Kumtaja huyo, na kueleza namna anavyosoma, ni kazi ya mwanaisimu.