Kinyonga, kipepeo na nyuki: Faida iko kwa anayelisha, si kwa anayekamata

MKULIMA wa Korogwe akimkuta kinyonga kwenye mchungwa wake, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili: humkwepa kwa hofu au humpiga fimbo. Ulaya na Marekani, kinyonga wa aina hiyo hiyo huwekwa kwenye kizimba cha wavu, akawashiwa taa maalumu na kununuliwa chakula kila wiki na mtu anayemfuga kwa mapenzi yake tu.

Tofauti hiyo kati ya fimbo na taa ilizaa biashara. Kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizouza nje wanyama wadogo walio hai: vinyonga, mijusi, kobe, vyura na hata jongoo wakubwa. Milima ya Usambara, ambayo sehemu yake iko ndani ya Wilaya ya Korogwe, inajulikana sana kwa wapenzi wa wanyama hao kwa sababu ina aina zisizopatikana kwa urahisi kwingine. Mmoja wao ni kinyonga wa pembe tatu, ambaye jina lake la kisayansi, Trioceros deremensis, limetokana na Derema, mahali palipo Usambara Mashariki.

Swali la msingi kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo ni hili: katika mnyororo huo, ni nani anayebaki na fedha?

Mlango uliofungwa

Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Waliokuwa na vibali walibaki na wanyama kwenye mabanda, wakiendelea kuwalisha bila soko. Juni 2022 ilitangazwa kuwa wafanyabiashara hao wangepewa miezi sita ya kusafirisha wanyama waliobaki mikononi mwao, lakini tangazo hilo lilisitishwa mara moja kufuatia malalamiko ya wananchi.

Hapa kuna somo la kwanza la kiuchumi. Mtu akikamata mnyama porini na kumuuza, mtaji wake wote ni kibali. Kibali kikiondoka, hana shamba, hana mbegu wala ujuzi wa kuhamishia kwingine. Isitoshe, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata mnyamapori bila kibali. Kijana anayepita vijijini akiahidi kununua vinyonga kwa bei ya kutupa, anamuuzia mwanakijiji kesi.

Anavyolishwa

Somo la pili liko kwenye chakula. Kinyonga hali majani. Hula wadudu walio hai kama panzi, nyenje na nzi, tena anapenda kuwaona wakitembea. Hana mazoea ya kunywa maji kwenye bakuli. Hulamba matone yaliyo juu ya majani, hivyo anayemfuga ni lazima amnyunyizie maji kila siku. Akiwa ndani ya nyumba huhitaji taa inayotoa miale inayofanana na ya jua, na wadudu wake hupakwa unga wa kalsiamu, la sivyo mifupa hulegea. Hukaa peke yake, maana wawili wakiwekwa pamoja husumbuana hadi mmoja hudhoofu. Wale wa milimani wamezoea ubaridi na ukungu, kwa hiyo joto la ndani ya sanduku safarini linaweza kuwaua kabla hawajafika.

Chura naye ana masharti yake. Ngozi yake hupitisha maji, kwa hiyo huvuta pia uchafu na dawa zilizomo kwenye maji hayo.

Gharama ya matunzo hayo inaonekana vizuri kwa chura wa Kihansi. Mwaka 2000, wakati mradi wa umeme ulipobadilisha mtiririko wa maporomoko yake, vyura 499 walipelekwa Marekani. Walilishwa wadudu wadogo mno, kwa kuwa chura mwenyewe ni mdogo sana. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi. Bila watu waliojua kulisha, aina hiyo ingekuwa imekwisha.

Ujuzi huo ndio unaoleta fedha. Kinyonga wa Yemen amekuwa akizalishwa kwa wingi Marekani na Ulaya kwa miongo kadhaa, na mnunuzi wa huko hahitaji tena aliyekamatwa Yemen. Pembeni yake imezuka biashara nyingine ya kufuga nyenje kwa maelfu kwa ajili ya kuwalisha wanyama hao. Aliyekamata wa kwanza alilipwa mara moja. Anayelisha na kuzalisha hulipwa kila msimu.

Vipepeo vya Usambara

Mfano ulio karibu zaidi uko Usambara Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianzishwa Mradi wa Vipepeo wa Amani, chini ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania. Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 1993 kwa mradi wa Kipepeo katika msitu wa Arabuko-Sokoke.

Mkulima hakamati vipepeo kila siku. Huweka wachache kwenye kibanda cha wavu ili watage, kisha hulisha viwavi kwa majani ya mti wanaoutaka. Kila aina ina mti wake. Mkulima wa machungwa anamjua mmoja wao kama adui: kiwavi ambaye akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege, na akiguswa hutoa pembe mbili zenye harufu kali. Huyo hula majani ya mchungwa na mlimau. Vipepeo wengine wakikua hupenda matunda yaliyooza, hivyo ndizi isiyouzika inakuwa chakula cha mifugo.

Kiwavi akishajifunga na kutulia, katika hatua iitwayo pupa, hupakiwa kwa uangalifu na kusafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho. Ni lazima afike katika siku chache, kwani kipepeo akitokea njiani ni hasara. Kwa kuwa viwavi walihitaji miti ya asili, mkulima alipata sababu ya kuipanda na kuilinda.

Hata hivyo, zuio la 2016 liliwagusa nao. Kaya zilizokuwa na vibanda zilipoteza soko kwa siku moja, ingawa walichouza walikizalisha wenyewe. Kwa hiyo ufugaji peke yake hautoshi. Bidhaa inayotegemea mnunuzi wa nje na kibali kimoja haifai kuwa nguzo pekee ya nyumba.

Nyuki kwa Handeni

Kwa Handeni, ambako mvua si ya kuaminika na miti mingi huishia kwenye tanuri la mkaa, mdudu wa kuanza naye ni nyuki. Asali ina soko hapa hapa nchini, haioshwi na mvua ya njiani wala haifi ndani ya sanduku.

Naye hutaka matunzo. Maji yawekwe karibu na mizinga, na vijiti vielee juu yake ili nyuki wasizame. Kipindi cha ukame maua yakiisha, kundi dhaifu lipewe maji ya sukari, kilo moja kwa lita moja, ndani ya mzinga na wakati wa jioni ili wasivamiwe na makundi mengine. Asali ya kununua isitumike kuwalisha, inaweza kuleta magonjwa. Waya za kuning'iniza zipakwe grisi kuzuia sisimizi na siafu. Wakati wa kuvuna, mfugaji aache masega ya kuwatosha wenyewe.

Anayetaka kujaribu vipepeo amwone kwanza ofisa wanyamapori wa wilaya kabla ya kununua hata mita moja ya wavu, na wa nyuki amwone ofisa nyuki. Na yule kinyonga wa kwenye mchungwa aachwe alipo. Hana sumu, hali majani, na panzi anaowala ni wale wale wanaokula mazao. Huyo analishwa na shamba lenyewe, bila taa wala kalsiamu, na hamdai mkulima chochote.