JEMBE LA SHULE LISIWE ADHABU

Mtoto akichelewa kufika shuleni, hupewa jembe. Akipiga kelele darasani, hupewa fyekeo. Akikosa hesabu, hutumwa kuchota maji ya bustani ya mwalimu. Kisha mtoto huyo huyo husimamishwa mstarini pamoja na wenzake, wakahubiriwa kwamba kazi ni heshima. Twauliza: atasadiki lipi, mahubiri au jembe?

Swali hili si dogo. Mwezi wa Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alionya kwamba elimu tuliyorithi ilimtenga kijana na jamii yake, ikamfanya adhani hekima yote imo vitabuni, tena ikapima akili kwa mtihani wa kukariri. Alitaka shule, hasa za sekondari, ziwe na mashamba au karakana zake, wanafunzi washiriki katika kupanga kazi, na matunda ya jasho lao wayaone kwa macho.

Mashamba yalilimwa, na sifa yapasa itolewe. Lakini ukweli haufichiki: katika shule nyingi tulichukua jembe tukaiacha akili. Shamba likawa huku, darasa likawa kule. Mwanafunzi alilima asijue kwa nini, akavuna asijue kiasi gani, na mapato yakahesabiwa bila yeye kuiona daftari. Hiyo haikuwa Elimu ya Kujitegemea. Ilikuwa sulubu iliyovikwa joho la elimu.

Leo jambo hilo limerudi mlangoni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imeweka katika sekondari mikondo miwili: wa jumla na wa amali. Kijana aweza kujifunza kilimo, ushonaji au ufundi mwingine pamoja na masomo yake. Twaiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Ndiyo sababu twasema mapema: kosa la kwanza lisirudiwe.

Tutazame mfano mmoja. Shule ina kishamba cha mita 30 kwa mita 30. Mahindi yapandwa kwa nafasi ya sentimita 75 baina ya mistari na sentimita 30 baina ya mashimo, mmea mmoja kwa kila shimo. Mwalimu asiwaambie wanafunzi wachimbe tu. Awaulize kwanza: mashimo yatakuwa mangapi? Watakokotoa, nao watapata 4,000. Kabla ya kupanda, wachukue punje 100, wazifunge katika kitambaa kibichi, wahesabu ngapi zimeota. Ikiwa shambani imeota miche 3,000 tu, robo imepotea. Imekwenda wapi? Mbegu ilikuwa mbovu? Shimo lilikuwa refu mno? Panya walifukua? Hapo pana hesabu, pana elimu ya viumbe, na pana jambo kubwa kuliko yote mawili: kijana amejifunza kuuliza sababu badala ya kulaumu bahati.

Kisha na waandike gharama za mbegu na mbolea, wapime magunia, wajue faida au hasara, na wakae kikao kuamua fedha itumike vipi. Vivyo hivyo katika ushonaji, anayekata kitambaa bila kipimo huonywa na nguo yenyewe pindi inapokataa kumkaa mtu. Katika kazi ya mikono kosa halifichiki, wala halihitaji fimbo ili lieleweke.

Wapo wazazi wasemao, “Nimempeleka mwanangu kusoma, sikumpeleka kulima.” Tusiwabeze, kwani wengi wao wameona watoto wao wakifanywa vibarua wasiolipwa. Jibu lao si hotuba. Waonyeshwe daftari la vipimo la mtoto, hesabu alizozifanya, na kitu alichokitengeneza. Kazi isiyo na swali, kipimo wala uamuzi wa mwanafunzi si somo, hata ikipewa jina gani.

Wala tusiwatwike walimu mzigo wote. Mwalimu mwenye darasa lililofurika na karakana isiyo na vifaa hawezi kutenda miujiza. Hapa ndipo wanachama na wafanyakazi wanapohusika. Fundi makenika, seremala, mshonaji na mkulima hodari wanayo elimu isiyopatikana ubaoni. Na waende katika shule ya kata yao, waombe ruhusa kwa mkuu wa shule, wakae na vijana wakiwa na vyombo vyao mkononi. Katika vikao vya matawi na vya wazazi tuulize bila haya: karakana ya shule yetu i wazi au imefungwa kwa kufuli? Mavuno ya mwaka jana yalikuwa kiasi gani, na nani aliyahesabu?

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukimlea aone jembe ni adhabu, atalikimbia maisha yake yote, naye atawadharau wanaolishika, yaani sisi wazazi wake. Tukimlea aone kwamba jembe, sindano na randa ni njia za kufikiri, atavishika kwa heshima hata akiwa daktari. Basi anayechelewa shuleni atafutiwe adhabu nyingine. Jembe lirudishwe darasani.