Pampu Ikinyamaza

Pampu ya mkono ikiharibika, akina mama hawaisubiri. Jioni hiyohiyo ndoo zinarudi kwenye dimbwi wanalonywea ng'ombe, na wiki chache za maji hayo zinatosha kumnyang'anya mtoto mdogo sehemu kubwa ya afya aliyoipata kwa miezi ya maji safi. Kwa hiyo nikifika kijijini siulizi visima vingapi vimechimbwa. Nauliza: pampu ikifa, hulala siku ngapi?

Kwale, pwani ya Kenya, inalijua swali hili vizuri. Huko, katika miaka ya 1980, ndiko ilikojaribiwa pampu ya Afridev, iliyobuniwa ili mwanakijiji aweze kuitengeneza mwenyewe. Vali yake huvutwa juu bila kung'oa bomba, na vifaa vinavyohitajika ni vichache mno. Naliheshimu wazo hilo hadi leo. Lakini wepesi wa kufungua pampu hauleti mpira wa pistoni kutoka duka la mjini, wala haujazi sanduku la kamati ya maji. Mchango huanza kupitishwa pampu ikishakufa. Mwenye nacho anatoa, asiye nacho anaomba subira hadi mavuno, na fundi haji bila nauli.

Mwaka 2013, huko Kyuso, Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga ndani ya mpini wa pampu kifaa kidogo kinachohisi mpini unavyopanda na kushuka, kisha kutuma taarifa kwa ujumbe wa simu. Mpini ukitulia kupita kawaida, fundi anajua. Muda wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi takriban 3. Kazi hiyo ikazaa FundiFix, inayohudumia Kitui na Kwale: watumiaji wanalipa ada kila mwezi, pampu iwe nzima au mbovu, na fundi anafika haraka. Ada hizo hazitoshi kulipia gharama zote, hivyo ruzuku hujazia. Sioni aibu hapo. Mjini nako mabomba makubwa yamelazwa kwa fedha za umma. Kwa nini mwanakijiji peke yake aambiwe "mradi ni wenu", kisha aachwe?

Maji yanayomwagika nayo yana madhara. Sakafu ya saruji ikipasuka, tope la kwato na nepi huvuja hadi kisimani. Mfereji wa kupeleka maji yanayomwagika kwenye migomba hugharimu mifuko michache ya saruji.

Suala la choo karibu na kisima ni gumu zaidi. Kanuni iliyozoeleka ni mita 30 kati ya shimo na kisima, na kwenye udongo wa kawaida husaidia sana. Ukanda wa mwamba wa matumbawe ni habari nyingine: una nyufa, maji hupita humo mbio bila kuchujwa. Pale shimo lisiwe na kina kirefu, choo kiinuliwe kwa matofali, na kisima kichimbwe upande wa juu, sio upande wa chini wa choo.