Kompyuta Kuukuu na Njia ya Garsen

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, toka Mji wa Kale wa Mombasa hadi Malindi, haikosi kompyuta iliyostaafu. Imefunikwa kitambaa juu ya kabati, au imesukumwa uvunguni pamoja na nyaya zake. Mwenyewe keshanunua nyingine. Hii hana kazi nayo, wala kuitupa hathubutu.

Ukiipita Malindi kwa zaidi ya kilomita 100, utafika Garsen, njia panda ya kwendea Lamu na Hola. Hapo ni Kaunti ya Tana River, ambayo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 315,943, nayo ardhi yake ni kubwa kuliko Kilifi, Kwale na Mombasa zikijumlishwa. Palipo na watu waliotawanyika hivyo, msaada huchelewa kufika, na binti aweza kuhitimu skuli akiijua kompyuta kwa picha ya kitabuni tu. Kisha huomba kazi au chuo, akaambiwa maombi yote hupelekwa kwa intaneti.

Kuhamisha mashine kutoka penye ziada hadi penye uhitaji si jambo jipya nchini. Shirika la Computers for Schools Kenya lilianzishwa Nairobi mwaka 2002 kwa kazi hiyo. Shirika la Camara, lililoanzishwa Ireland mwaka 2005, nalo lilifungua kituo Mombasa. Mafundi hukagua mashine, hufuta yaliyomo, hubadilisha vipuri, hutia programu za masomo, ndipo huipeleka skuli na kumfunza mwalimu. Funzo lililo wazi ni kwamba mashine ni nusu tu ya msaada. Nusu ya pili ni maandalizi.

Basi anayetaka kutoa na azingatie mambo manne.

La kwanza, atoe kitu kizima. Aya ya 267 ya Suratul Baqarah inatuonya tusikusudie vibovu tunapotoa. Mashine isiyowaka haiwi sadaka kwa kuvukishwa mto. Ni mzigo kwa anayeipokea. Iwashwe kwanza, na kibodi, kipanya na waya wa umeme viandamane nayo.

La pili ni sitara. Ndani ya kompyuta ya nyumbani mna picha za harusi, za kina mama na mabinti wasiojistiri kwa kuwa walikuwa wenyewe kwa wenyewe. Mna barua, hati za benki na vitambulisho. Kufuta kwa kubonyeza kitufe hakutoshi, kwani huondoa njia ya kuzifikia tu, na mwenye programu ya kurejesha aweza kuzitoa tena. Kwanza zihamisheni picha mzitakazo mahali salama, kisha fundi mwaminifu aifute diski yote kwa programu maalumu mbele yenu. Mkiwa na shaka, aitoe diski mbaki nayo, na mashine itiwe nyingine.

La tatu, ulizeni kabla ya kupeleka. Je, chumba kina umeme, mlango wa kufuli, na mtu wa kufundisha? Panapotegemewa jua, kipakatalishi kinafaa zaidi: chatosheka na wati 30 hadi 60, ilhali kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake yaweza kuhitaji 100 na zaidi. Vumbi la Garsen lahitaji vifuniko. Nao mto Tana hufurika, kama ulivyofanya wakati wa El Niño ya 1997 na tena mwaka 2024. Kwa hiyo mashine zisiwekwe sakafuni, na pawe na mpango wa kuzihamisha maji yakija.

La nne ni mwisho wake. Kila mashine ina ajali yake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme katika mwaka 2022, na hata robo yake haikurejelewa ipasavyo. Skrini nene za zamani zina risasi, na betri zilizochakaa zaweza kulipuka. Zikichomwa jalalani, moshi huvutwa na watoto. Zikitupwa bondeni, sumu hushuka kwenye maji wanayonywa watu na mifugo. Nairobi kuna kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka hizi na kuzitenganisha. Tukubaliane mapema na skuli kwamba zilizokufa zitakusanywa na kurudishwa, zisiachwe delta.

Mama ndiye ajuaye kilichomo kabatini. Tunapendekeza kila jumuiya ya kina mama iorodheshe mashine zilizolala majumbani, itafute fundi mmoja, kisha izungumze na skuli moja tu ya Garsen. Mashine tano zenye mwalimu zinafaa kuliko hamsini za kurundikwa stoo. Na elimu yenye manufaa ni katika sadaka zisizokatika.

Wabillahi tawfiq.