Ziwa Magadi na Mlango wa Maji: Safari ya Siku Moja ya Wanafunzi Wetu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeitandaza ardhi na kuipamba kwa milima, mabonde na maji. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake. Baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu ambao ndio walimu wa mwanzo wa watoto wetu, wiki hii tumependa kuwasimulia safari ya wanafunzi wa chuo chetu cha Kitengela kwenda Ziwa Magadi, katika kaunti hii hii ya Kajiado. Ilikuwa safari ya siku moja tu, lakini ilitufunza sisi walimu kabla ya kuwafunza wanafunzi.

Wengi wa watoto wa chuo hiki asili yao ni Pwani. Wazazi wao walitoka Mombasa, Lamu, Malindi na Kwale wakaifuata riziki bara, nao wakazaliwa au kukulia huku, baina ya viwanda vya Athi River na malisho ya Wamasai. Wamo miongoni mwao ambao hawajapata kuiona bahari hata siku moja. Wanaisoma katika fikihi, katika mlango wa maji, na wanaisikia kwa bibi zao katika simu siku za Idi. Ndipo tukaona kuwa likizo ya Agosti isipite bure. Kwa kuwa Pwani ni mbali na nauli ni nzito, tuwapeleke penye maji ya chumvi yaliyo karibu nasi.

Kosa tulilolifanya

Lazima tuseme kweli. Tulipotangaza safari hiyo mara ya kwanza, tuliitangaza kwa wavulana peke yao. Hoja yetu ilikuwa kwamba kutoka Kitengela hadi Magadi ni mwendo wa zaidi ya marhala mbili, ambazo wanazuoni wengi wa zama zetu huzikadiria kuwa kilomita 80 na kitu, na kwamba mwanamke hasafiri ila awe na mahramu wake. Tukaona njia nyepesi ni wasichana wabaki. Tukadhani tumelimaliza jambo.

Ijumaa ile, baada ya swala ya Alasiri, akatujia mama mmoja na binti yake wa miaka kumi na miwili. Binti huyo amehifadhi Juzuu Amma na sasa yumo katika Safinatun Najaa. Mama akasema kwa adabu, lakini bila ya kuzunguka: "Sheikh, huyu asoma kitabu kile kile wasomacho wavulana, na nyinyi wenyewe mwanambia kuwa yeye ndiye akihifadhiye vyema. Kwani mlango wa maji kwake yeye umefungwa?"

Tukamweleza habari ya mahramu. Baba wa mtoto yuko Doha kikazi, na kaka mkubwa hana. Mama akatusikiliza hadi mwisho, kisha akajibu: "Ikiwa tatizo ni mahramu, niambieni nimtafute. Msiniambie mtoto abaki."

Maneno hayo yalitukaa moyoni usiku kucha. Sharia ilitutaka tumlinde binti katika safari. Haikututaka tumnyime safari. Sisi tulikuwa tumeichukua nusu ya hukumu, ile isiyotutoa jasho, tukaiacha nusu ya pili ambayo ni kazi: kukaa na wazazi, kupanga, kuuliza nani yuko na nani hayuko. Kesho yake tukatangaza upya kwamba kila msichana atakayekuja na baba, kaka, babu, ami au mjomba wake, nafasi yake ipo. Wasichana kumi na saba wakaandikishwa. Yule binti wa Doha alikuja na mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja, ambaye ni kibarua kiwandani Athi River na aliomba ruhusa ya siku moja kwa ajili hiyo. Mjomba ni mahramu bila ya shaka, kwani mabinti wa dada wametajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 23, miongoni mwa wale ambao mtu ameharimishwa kuwaoa.

Njiani hadi ziwani

Tuliondoka baada ya Alfajiri. Tukapita Isinya, tukakata kulia kuifuata barabara ya Kiserian, na kutoka hapo tukaishika njia ya Magadi. Ukishapita mgongo wa vilima vya Ngong, Bonde la Ufa linafunguka mbele yako kwa ghafula, na baridi ya asubuhi inaachwa juu. Tulisimama kidogo Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walianza uchimbaji wao mwaka 1942, na ambako mashoka ya mawe ya watu wa kale yameachwa mengi pale pale yalipopatikana. Tukawakumbusha wanafunzi kuwa katika Suratul Ankabut, aya ya 20, Mola ametuamrisha kutembea katika ardhi na kutazama. Mwenye kusoma aya hiyo na asitoke mlangoni mwake, ameisoma lakini hajaifanyia kazi.

Tulipolifikia ziwa, jua lilikuwa limeshakuwa kali. Mtoto mmoja alipiga ukelele ndani ya basi: "Bahari!" Lakini mawimbi hayakuwapo. Palikuwa na uwanda mpana, mweupe mahali na mwekundu mahali, na ndege heroe wamesimama kwa mguu mmoja katika maji ya kina kifupi.

Mama zetu, magadi mnayajua. Ni yale mnayotia kidogo katika maharagwe ili yaive upesi, na wazee wakichanganya na tumbaku. Jina la ziwa ni neno letu wenyewe. Chemchemi za moto humwaga maji yenye chumvi hizo ziwani, na kwa kuwa ziwa halina mto wa kuyatoa, jua huyakausha maji na magadi hubaki yakiganda tabaka juu ya tabaka. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911, na leo inaitwa Tata Chemicals Magadi. Reli ya kutoka Konza, inayopita mji wa Kajiado, ilifika hapa mwaka 1915, na kwa njia hiyo magadi yamekuwa yakishuka hadi bandari ya Mombasa ili yakatengenezewe vioo na sabuni ng'ambo. Watoto walistaajabu kusikia kuwa mzigo wa huku na wazee wao wametumia njia moja, ila mmoja washuka na mwingine wapanda.

Swali la binti

Adhuhuri ilipoingia, tulitandika mikeka kwenye kivuli cha migunga. Maji ya udhu tulikuwa nayo katika madumu. Ndipo yule binti, naye yuko kando ya mjomba wake, akauliza: "Maalim, lau madumu haya yangemwagika, tungetawadha kwa maji ya ziwa?"

Tukawarudishia wanafunzi swali. Mvulana mmoja akajibu haraka kuwa haifai, kwa kuwa maji yamegeuka rangi na ladha. Binti akafikiri, kisha akasema: "Lakini hakuna mtu aliyeyatia kitu. Yamegeuka kwa makazi yake. Na maji ya bahari nayo yana chumvi, na Mtume (SAW) aliulizwa akasema ni twahara."

Alisema sawa. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, maji yaliyogeuka kwa sababu ya pale yalipokaa au yanapopita hubaki na utwahara wake. Lakini Mmasai aliyekuwa akituongoza akatuonya kuwa maji haya huchoma ngozi yenye kidonda na huumiza macho, na yale ya chemchemi ni ya moto mno. Basi tukaongeza somo la pili: kuwa twahara ni jambo moja na kutodhuru ni jambo jengine, na mwenye kuchelea madhara huhamia kwenye tayamamu. Mwengine akauliza kama atayamamu kwa unga wa magadi wenyewe. La, kwetu sisi tayamamu ni kwa mchanga wenye vumbi.

Tukaswali Adhuhuri rakaa mbili na Alasiri rakaa mbili, tukizikusanya na kuzipunguza. Kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kuitumia rukhsa ya msafiri waliyoihifadhi kwa ulimi miaka miwili. Baadaye mama waliofuatana na waume zao wakafungua mahamri, mbaazi na viazi vya karai, tukala sote, wanaume upande na wanawake upande.

Tulipokuwa tukirudi, mjomba yule alituambia kwa sauti ya chini kuwa aliacha chuo kule Lamu akiwa mdogo, kabla ya kuufikia mlango huo. "Leo," akasema, "nimesomeshwa na mtoto wa dada yangu." Tangu wiki ile amekuwa akija darasa la watu wazima kila Jumapili.

Ndugu wasomaji, chuo chochote kinachopanga ziara tunakinasihi haya: waandikieni wazazi mapema, ulizeni mahramu wa kila binti kabla ya kumkatalia, chukueni maji zaidi ya mnavyodhani yatatosha, na teueni mahali pa kuswali kabla ya kuteua mahali pa kula. Na nyinyi mama, mkiona mlango umefungwa kwa binti yenu, njooni mtuulize. Huenda tuliufunga sisi, wala si sharia.

Mwenyezi Mungu awafanye watoto wetu, wa kiume na wa kike, kuwa miongoni mwa wenye elimu yenye manufaa, na amrudishe salama kila mzazi aliye mbali kwa ajili ya riziki ya watoto wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.