Wahandisi wa Langalanga na Adabu ya Kutaja Kosa

Mtazamaji wa mbio za langalanga humjua dereva, na pengine bosi wa timu anayehojiwa kwenye televisheni. Nyuma yao kuna jamii ya wahandisi, wengi wao wakiwa katika miji ya Uingereza kama Brackley, Milton Keynes na Woking, na jamii hiyo ina mila zake. Iliyo nzito kuliko zote inahusu usemi: nani aseme, wakati gani, na kosa litajwe vipi. Kuongoza wahandisi hao, kwa maoni yangu, ni kuilinda mila hiyo kwanza. Ustadi wa kuchora gari unafuata baadaye.

Gari likiwa mbioni hufuatiliwa na makumi ya watu, baadhi yao wakiwa makao makuu, maelfu ya kilomita kutoka uwanjani. Huyu anaangalia joto la breki, yule matairi, mwingine anawapigia hesabu wapinzani. Wote husemezana, lakini kwa kawaida dereva husikia sauti moja tu, ya mhandisi wake. Kwa dereva Lewis Hamilton alipokuwa timu ya Mercedes, kuanzia 2013 hadi 2024, sauti hiyo ilikuwa ya Peter Bonnington. Mkubwa kicheo huingilia mara chache, na akiingilia kila mtu hujua mambo yamekuwa mazito. Mbio zikiisha huja kikao. Dereva hueleza kona kwa kona jinsi gari lilivyoingia, lilivyokaa katikati na lilivyotoka, kisha kila mhandisi hutoa hesabu ya sehemu yake. Kiongozi mwenye busara hapo husubiri, maana akitangulia kuhukumu, wadogo watameza walichokiona.

Uzito wa adabu hii ulionekana Bahrain, Desemba 2020, katika mbio za Sakhir. Dereva George Russell, aliyeshika nafasi ya Hamilton aliyeugua Uviko-19, alikuwa anaongoza. Gari la usalama lilipotoka, Mercedes waliita magari yao yote mawili kubadilisha matairi. Ujumbe wa redio haukuwafikia baadhi ya mafundi, wakatoka na matairi ya mbele ya mwenzake, Valtteri Bottas, yakafungwa kwenye gari la Russell. Bottas alipofika nyuma yake, ikabidi arudishiwe matairi yake yaleyale yaliyotumika, na Russell akaitwa tena. Timu ilitozwa faini. Hata hivyo, maelezo yake kwa umma yalikuwa juu ya hitilafu ya redio, si juu ya fundi fulani. Kama wangemkaripia aliyebeba tairi wakaishia hapo, redio ingebaki na ubovu wake hadi mbio zijazo.

Wapo watakaosema kwamba pasipo lawama uzembe hustawi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kosa lingeweza kufichika, lakini gari lina mamia ya vihisio vinavyorekodi kila kitu. Na anayetaja kosa lake kikaoni hajasamehewa kazi: anatakiwa kuleta dawa yake kabla ya mbio zinazofuata. Hoja nzito zaidi ni ya kipaji. Magari ya mchoraji Adrian Newey yametwaa ubingwa akiwa Williams, McLaren na Red Bull, basi vikao vya nini? Lakini gari la McLaren la MP4-18, lililochorwa chini ya Newey huyo huyo, halikushindana hata mara moja. Majaribio ya 2003 yalionyesha halifai, timu ikabaki na gari la mwaka uliotangulia, likiwa limeboreshwa, na dereva wao Kimi Räikkönen akaukosa ubingwa kwa pointi 2 tu. Kipaji kilikuwapo, lakini kilichookoa msimu ni kwamba matokeo ya majaribio yalisikilizwa kuliko jina la mchoraji.

Ndiyo maana naithamini desturi ya kumpandisha mfanyakazi jukwaani kupokea kombe la timu: humheshimu aliyesema akasikilizwa. Brazil, 2019, Red Bull walimpandisha Hannah Schmitz, mtaalamu wa mikakati. Dereva wao Max Verstappen alikuwa anaongoza wakati uamuzi wa Schmitz ulipomtaka aachie nafasi hiyo ili apate matairi mapya. Aliitikia, akampita tena Hamilton, akashinda.